Wanafunzi wa Vanuatu wamefika Hague. Sisi wa Bududa tunaanzia wapi?

#1 Binti_wa_Bukalasi
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 26, nyumbani Bukalasi, wilaya ya Bududa, kwenye Mlima Elgon, Uganda. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe makubwa kama nyumba ukapita katikati ya soko letu. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza ndizi pale darajani. Tulimpata siku ya tatu.

Tarehe 23 Julai 2025 nilisikia redioni kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki imetoa maoni yake kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na majaji wote wamekubaliana. Lililonikosesha usingizi si majaji, ni chanzo chake. Inasemekana jambo lote lilianza mwaka 2019 na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kule Port Vila. Wanafunzi tu! Walikuwa darasani kama mimi nilivyokuwa.

Maswali yangu ni mawili. Sisi vijana wa mlima huu tunaweza kumshtaki nani? Na mahakama gani inampokea mtu kama mimi, asiye na wakili wala nauli ya kwenda Kampala?

#2 Boda_wa_Malaba
Mwalimu pole sana kwa shangazi. Hiyo mahakama ya Hague si ndiyo ya kina Kony? Ile iliyomfunga Ongwen, kamanda wa waasi wa Kony, miaka 25? Kama ndiyo hiyo basi wenye viwanda wakamatwe, wafungwe, tumalize.

#3 Wakili_Mdogo
Boda hapana, umechanganya. Mji ni mmoja, mahakama ni mbili. Ongwen alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, inayoshtaki mtu mmojammoja. Hii ya tabianchi ni ICJ, mahakama ya Umoja wa Mataifa, nayo husikiliza nchi kwa nchi. Haimfungi mtu.

Na Makamu wa Rais wa ICJ ni Mganda mwenzetu, Jaji Julia Sebutinde, mwanamke wa kwanza Mwafrika kukaa kwenye kiti kile. Kwa hiyo tusiizungumzie kana kwamba iko kwenye mwezi.

Mwalimu, swali lako la pili nitalijibu kesho nikitulia. Niko mwaka wa nne wa sheria, nina mtihani asubuhi.

#4 Nyabo_Busia
Mimi nauza mitumba mpakani na ninasema wazi: maoni hayajengi nyumba. Majaji wamesema, sawa. Ni nani Bududa ameletewa hata bati moja? Serikali yenyewe iliwahamisha waliopigwa na maporomoko ya 2010 ikawapeleka Kiryandongo, wengi wakarudi mlimani kwa sababu kule hakuna kahawa. Leo tunazungumzia Hague wakati hatujamalizana na Kiryandongo.

#5 Mzee_wa_Nyamwamba
Watoto wangu, nawasalimu kutoka Kasese.

Mimi nina miaka 71. Nilipokuwa mdogo, asubuhi ya Januari, ukisimama Kilembe ukaangalia juu unaona barafu ya Rwenzori imekaa kama kitambaa cheupe kichwani mwa bibi. Sisi Bakonzo hiyo barafu tunaiita Nzururu, na wazee wetu walisema mungu wetu Kitasamba anakaa humo. Sasa wasomi wanasema mwaka 1906 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, na kufikia 2003 haikufika hata moja. Mjukuu wangu ananiuliza Kitasamba amehamia wapi. Sina jibu la kumpa.

Mto Nyamwamba ulitupiga Mei 2013, ukarudi 2014, na Mei 2020 ukaibeba hospitali ya Kilembe. Nilipoteza shamba la ekari mbili, udongo wote ukaenda, yakabaki mawe matupu. Naomba wakili aniambie: barafu ina mwenyewe? Mtu akiimaliza, anayelipwa ni nani?

#6 Kahawa_Safi
Mzee heshima yako. Lakini lazima mtu aseme lisilopendwa humu. Mimi nanunua kahawa Elgon tangu 2009, nimepanda kila kilima kuanzia Bulucheke hadi Buluganya. Mlima unaporomoka kwa sababu tumeulima hadi shingoni. Mteremko ambao hata mbuzi anateleza, mtu amepanda maharagwe bila mti hata mmoja. Ardhi imegawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto, hadi mtu anarithi kipande cha upana wa kitanda. Mvua kubwa ilikuwepo zamani pia. Kilichokosekana ni mizizi.

Tukienda Hague kumshtaki Mzungu, yeye atatoa picha za satelaiti akaonyesha mashoka yetu.

#7 Binti_wa_Bukalasi
Kahawa, shoka nimeliona, sikatai. Babu yangu mwenyewe alikata. Lakini wewe umenunua kahawa hiyohiyo iliyopandwa kwenye mteremko huo, umepata faida, hukuwahi kusema msilime. Na niambie hili: kijiji cha Masugu kule Bulambuli, kilichofunikwa na maporomoko Novemba 2024, kilikuwa na migomba na kahawa yenye kivuli. Kilifunikwa vilevile.

#8 Kahawa_Safi
Hapo kwenye faida umenigusa mwalimu. Nakubali. Ila hoja yangu ya mizizi bado imesimama.

#9 Afande_Bombo
Nyabo wa #4 anasema maoni hayajengi nyumba. Mimi ni mstaafu wa jeshi, naongea kwa heshima. Msidharau ICJ. Kongo ilitushtaki pale mwaka 1999 kwa jeshi letu kuingia kwao. Hukumu ikatoka 2005, watu wakasema ni karatasi. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikataja bei: dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kwa mwaka, miaka mitano. Na Uganda ilianza kulipa. Ndani ya hesabu hiyo milioni 60 ni za maliasili peke yake. Basi ikiwa sisi tumelipa kwa ajili ya miti na dhahabu ya jirani, kwa nini mwenye moshi asilipe?

#10 Wakili_Mdogo
Nimetoka mtihani. Afande umesema kweli kuhusu tarehe na fedha, ila tofauti moja ni kubwa. Ile ya Kongo ilikuwa kesi, nchi na nchi, na hukumu yake inafunga. Hii ya tabianchi ni maoni ya ushauri. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliuliza swali, mahakama ikajibu. Jibu hilo halimlazimishi mtu kulipa kesho.

Lakini jibu lenyewe ni zito. Kwa ufupi mahakama imesema: kulinda hali ya hewa ni wajibu wa kisheria, na wajibu huo hauko kwenye mikataba ya tabianchi tu, uko pia kwenye sheria ya kimila ya mataifa na haki za binadamu. Kwa hiyo nchi ikijitoa kwenye Mkataba wa Paris haijaukwepa. Nchi isipochukua hatua kulinda hali ya hewa, kwa mfano ikiendelea kutoa leseni za kutafuta mafuta na makaa au kuyapa ruzuku, hiyo inaweza kuwa kosa. Na penye kosa, fidia inaweza kudaiwa.

Sasa njia waliyopita wale wanafunzi, sikilizeni maana ndipo somo lilipo. Hawakwenda Hague wenyewe, mwanafunzi hana mlango kule. Waliandika barua kwa serikali za visiwa vyao. Vanuatu ikaitika. Wakatafuta vijana wa mabara mengine, wakawemo Waafrika. Miaka minne ya kubisha hodi, hadi tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha azimio bila kupingwa, nchi zaidi ya 130 zikiwa wadhamini. Desemba 2024 nchi 96 zikasimama kusema mbele ya majaji. Yote hayo yametoka kwenye darasa moja.

#11 Boda_wa_Malaba
Kumbe walianza kwa barua. Basi tuiandikie serikali yetu.

#12 Kijana_wa_Bango
Boda, barua tumeandika. Mimi ni wa wale wa mabango hapa Kampala. Nilianza baada ya kumwona Vanessa Nakate amesimama barabarani Januari 2019 na ndugu zake tu, watu wakiwapita. Baadaye nikamsikiliza Hilda Nakabuye. Nikajua hili jambo ni letu, si la Sweden.

Ila hapa bango lina bei yake. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa hapa mjini wakienda kuunga mkono azimio la Bunge la Ulaya lililopinga bomba la mafuta la Uganda. Walishtakiwa kwa kuwa kero kwa umma. Mimi nimelala kituoni usiku mmoja mwaka uliofuata, mama yangu alilia hadi sauti ikamkauka. Vanuatu serikali iliwapokea watoto wake kwa mikono miwili kwa sababu Vanuatu haina mafuta ya kuuza. Hiyo ndiyo tofauti, na lazima tuiseme.

#13 Mwana_wa_Chongoleani
Wakuu nawasoma kutoka Tanga. Bomba lenu linaishia kwetu, kwa hiyo na mimi nina haki ya kuchangia. Kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na kilomita 1,147 ziko upande wa Tanzania. Mafuta yenu ni mazito kama nta, bomba lazima lipashwe joto hadi nyuzi 50 ndipo yatiririke.

Kwetu vijana wengi walipata kazi za muda, siwezi kusema uongo. Kaka yangu amejenga. Lakini wavuvi wana hofu na matumbawe, na hofu yao haina ofisi ya kuipeleka.

Swali kwa Wakili: ile kesi ya Arusha ya kupinga bomba iliishia wapi?

#14 Wakili_Mdogo
Chongoleani karibu. Kesi ya Arusha ndiyo inayomjibu mwalimu swali lake la pili, kwa hiyo nitaieleza vizuri.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama. Huhitaji kuwa serikali, huhitaji kumaliza mahakama za nyumbani kwanza. Mlango uko wazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Novemba 2020 mashirika manne, mawili ya Uganda, moja la Kenya na moja la Tanzania, yakafungua shauri kupinga bomba. Likakaa miaka mitatu. Tarehe 29 Novemba 2023 likatupwa, na si kwa sababu walikosea kuhusu mazingira. Lilitupwa kwa sababu walichelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au ukijue. Mahakama ikasema mkataba wa serikali mbili ulisainiwa 2017, mlikuwa wapi? Walikata rufaa.

Miezi miwili, wakuu. Mto ukichukua nyumba yako, miezi miwili hujamaliza hata matanga.

#15 Nyabo_Busia
Miezi miwili?! Mimi shilingi zangu kwenye chama tu huchukua miezi mitatu kuzidai. Banange.

#16 Mzee_wa_Nyamwamba
Wakili hujanijibu kuhusu barafu.

#17 Wakili_Mdogo
Mzee nisamehe. Jibu la karibu nililo nalo linatoka Peru. Mkulima mmoja wa Huaraz, Saúl Luciano Lliuya, anaishi chini ya ziwa linalojazwa na barafu inayoyeyuka. Mwaka 2015 aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE huko Ujerumani. Hakuomba iwalipe wote. Alisema, moshi wenu ni asilimia 0.47 ya moshi wa viwanda wa dunia, basi lipeni asilimia 0.47 ya gharama ya kuyazuia maji yasinifikie. Miaka kumi. Majaji walisafiri hadi kwao Huaraz wakaliona ziwa. Mei 28, 2025 mahakama ya Hamm, Ujerumani, ikaamua: nyumba yake haina hatari ya kutosha, kwa hiyo ameshindwa. Lakini ikasema kwamba kwa kanuni, mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibika kwa jirani yake hata jirani huyo akiwa bara jingine.

Kwa hiyo barafu haina mwenyewe, Mzee, ila shamba lililo chini yake linaye.

#18 Kahawa_Safi
Hapohapo! Alishindwa kwa ushahidi. Na ICJ nayo imesema anayedai fidia lazima aonyeshe uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika kati ya kosa na hasara. Nani humu ana huo uhusiano? Mzee, kule kwenu kulikuwa na moto msituni 2012 ukaunguza miteremko ya juu ya Rwenzori, na mwaka uliofuata mto ukashuka. Kuna na mabaki ya mgodi wa shaba kando ya mto. Utatenganisha vipi moto, mgodi na moshi wa Ulaya?

#19 Mzee_wa_Nyamwamba
Moto naujua, niliuona kwa macho yangu. Msitu ule wa juu ulikuwa na ukungu kila siku, buti linazama kwenye kuvu na majani. Ulipata wapi ukavu wa kuungua? Hilo nalo mwanangu lijibu.

#20 Fundi_Solar_Arua
Mzee amemaliza kazi hapo.

Mimi niongeze la bahari kwa sababu hakuna aliyeligusa. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilipata joto kuliko upande wa Indonesia. Hali hiyo hutokea kila baada ya miaka kadhaa, nayo huleta mvua nyingi. Safari hiyo ilizidi. Ziwa Victoria likapanda hadi Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sehemu za Ggaba watu wakaingia dukani kwa mtumbwi. Mtu wa upande wa pili atasema mahakamani: hii ni tabia ya bahari tangu enzi. Sisi lazima tuwe na mtu wa kujibu kwamba bahari yenyewe inapashwa joto. Hiyo ni kazi ya watu wa Entebbe wa utabiri wa hali ya hewa, si ya wakili peke yake.

#21 Mama_Namatala
Mimi mnisamehe sijasoma sheria. Mbale, Julai 2022, usiku wa kuamkia tarehe 31, Nabuyonga na Namatala zilifurika pamoja. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nilikaa juu ya kabati la vyombo na wajukuu watatu hadi kukapambazuka. Siku ile hakukuwa na mvua kubwa kwetu mjini, ilinyesha huko juu mlimani. Na mto wenyewe tumeujaza takataka na watu wamejenga ndani ya mkondo kwa vibali vilivyosainiwa na mtu mwenye mshahara. Huyo aliyesaini ndiye ninayemtaka mimi. Ninyi watafuteni wa Ulaya, mimi namtaka wa hapa.

Wazee wa huku wengine wanasema mlima umekasirika kwa sababu makaburi yamelimwa. Sisemi ni kweli, ila wao wanasema hivyo na mahakamani hakuna atakayewauliza.

#22 Wakili_Mdogo
Mama Namatala, huyo wa hapa unaweza kumpata bila kwenda popote, na nadhani ndipo vijana wetu wanapopasahau.

Katiba yetu kifungu cha 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 237 kinasema serikali inashikilia maziwa, mito na ardhi oevu kama amana ya wananchi. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, kifungu cha 26 kama ilivyopitishwa na Bunge, inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, mtu binafsi au kampuni inayokwamisha juhudi za tabianchi, na hata huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara.

Na mwalimu, kesi ya Bududa ipo tayari! Oktoba 2020 watu 48 walioathirika na maporomoko waliishtaki serikali kuu, mamlaka ya mazingira na wilaya yenyewe, Mahakama Kuu ya Mbale. Wanasema serikali ilijua hatari na haikuwalinda.

#23 Binti_wa_Bukalasi
Wakili, nimesoma hapo mara tatu. Watu 48, Mbale, na mimi naishi hapa na sikujua. Mwaka 2020 nilikuwa chuo cha ualimu, shule zimefungwa, niko nyumbani nachuma kahawa. Hakuna aliyetuambia. Nimempigia mjomba sasa hivi, amesema "ee, walipita kuandikisha majina." Hivyo tu!

Kwa hiyo Vanuatu naijua kuliko Mbale. Hilo linaniuma.

#24 Kijana_wa_Bango
Mwalimu usijilaumu. Lakini naomba tusidanganyane kuhusu mahakama za hapa. Mwaka 2012 kulifunguliwa kesi Kampala kwa niaba ya watoto, wakidai serikali iwalinde na mabadiliko ya tabianchi kwa hicho hicho kifungu cha 237. Ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Afrika. Wale watoto sasa ni watu wazima wa kuoa na kuolewa. Hukumu iko wapi? Ndiyo sababu vijana wanatazama nje.

#25 Afande_Bombo
Na nje nako si mteremko. Vijana sita wa Ureno walizishtaki nchi 33 kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu tabianchi. Aprili 2024 wakaambiwa rudini kwanza mahakama za kwenu. Siku hiyohiyo bibi wazee wa Uswisi wakashinda, kwa sababu walianza nyumbani wakafika juu hatua kwa hatua. Jeshini tunasema huwezi kuvuka mto bila kukanyaga ukingo wa kwanza.

#26 Mwana_wa_Chongoleani
Afande, Wazungu wale wana mahakama za kwao zinazosikia. Waganda 26 wamekwenda Paris Juni 2023 kudai fidia kwa kampuni ya mafuta ya Kifaransa, TotalEnergies, kwa sheria ya Ufaransa. Nao ni njia nyingine. Na hapa Arusha kuna mahakama ya pili, ile ya Afrika ya haki za binadamu. Mei 2025 mawakili wa Afrika waliiomba maoni kuhusu wajibu wa nchi zetu, kama yale ya Hague.

#27 Wakili_Mdogo
Sahihi. Ila tuelewane: hiyo ya Afrika mtu binafsi haingii moja kwa moja mpaka nchi yake itoe tamko la kuruhusu. Uganda imeridhia itifaki lakini tamko haijatoa. Tanzania ilikuwa nalo, ikalitoa 2019. Kwa hiyo mimi na Chongoleani tunaishi karibu na mlango na hatuna ufunguo. Kama vijana wanataka dai moja la kubeba kwenye mabango, mimi ningechagua hilo tamko. Halina gharama ya barabara wala bwawa, ni sahihi moja.

#28 Nyabo_Busia
Nimebadilika kidogo, nakiri. Lakini nani aliyeokoa msitu wa Mabira 2007, ulipotaka kupewa kampuni ya sukari? Si jaji. Walikuwa watu barabarani na akina mama tuliogoma kununua sukari. Nilikunywa chai kavu miezi! Watu walikufa siku ile ya maandamano, na msitu ukabaki. Mahakama ni sawa, ila msiwaache watu wa sokoni nje mkadhani mambo yatatokea kwa karatasi.

#29 Boda_wa_Malaba
Nyabo chai kavu na wewe? Nakujua, unaweka vijiko vitano.

#30 Nyabo_Busia
Sasa ndiyo. Wakati ule hapana. Niliweka tangawizi.

#31 Fundi_Solar_Arua
Kahawa aliuliza ushahidi uko wapi. Mwalimu una wanafunzi wangapi?

#32 Binti_wa_Bukalasi
Darasa langu la P6 ni 94.

#33 Fundi_Solar_Arua
Kipimo cha mvua ni chupa ya plastiki iliyokatwa, yenye upana sawa juu na chini, na rula. Watoto wanasoma kila siku saa tatu asubuhi, wanaandika kwenye daftari moja lisilotoka shuleni. Kipimo cha Mbale mjini hakijui kilichonyesha Bukalasi, Mama Namatala amelisema hilo bila kusoma sheria. Miaka mitano ya daftari hilo, pamoja na picha za nyufa kwenye mteremko zenye tarehe, na tayari una kitu ambacho mkulima wa Peru alikihitaji.

#34 Kahawa_Safi
Daftari na chupa nitagharamia mimi kwa shule tatu za mlimani, mwalimu atachagua. Na nitaongeza miche ya mianzi. Mianzi inashika udongo, na malewa, yale machipukizi yake, ukipika kwa karanga hakuna Mmasaba atakayekata mche huo.

#35 Mama_Namatala
Malewa ya siku hizi ni machungu, watu hawayakaushi vizuri kwa moshi. Ila mianzi ilete, mwanangu. Niwekee na mimi kando ya Namatala.

#36 Binti_wa_Bukalasi
Kahawa asante, nitakuandikia. Nimekwenda leo Mbale kuulizia ile kesi, nikaambiwa nirudi Jumatatu na namba ya shauri. Nitarudi.

Wakili, kitu kimoja kinanisumbua tangu #14. Ile miezi miwili ya Arusha. Kwetu udongo hauporomoki mara moja. Ulianguka Nametsi 2010, ukaanguka Bukalasi 2018, Bulambuli 2024, na nyuma ya shule yangu kuna ufa ambao mwezi Machi ulikuwa unaingiza kidole na sasa unaingiza mkono. Miezi miwili inahesabiwa kuanzia lini?

#37 Wakili_Mdogo
Mwalimu, hilo limeshaulizwa pale, na ilikuwa kuhusu mlima huohuo. Shirika moja la Kenya lilifika Arusha kwa ajili ya waathirika wa mateso ya Mlima Elgon upande wa Kenya, likisema madhara yanaendelea, muda usihesabiwe. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikakataa, kikasema Mkataba hautambui kosa linaloendelea. Mwalimu wetu wa sheria ya Jumuiya anaamini uamuzi ule ulikosea. Mimi naona kila poromoko jipya ni kitendo kipya, na serikali ikipewa ripoti ya ufa ikakaa kimya, muda uanze siku ya kimya hicho. Mwenzangu wa chumbani anasema kimya si kitendo. Tumebishana hadi saa nane usiku.

#38 Mzee_wa_Nyamwamba
Ripoti ya ufa iandikwe leo, ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na nakala wilayani, igongwe muhuri wa tarehe. Mbishane baadaye. Na watoto wahamishwe kutoka darasa hilo la nyuma.

#39 Binti_wa_Bukalasi
Nimewahamisha jana Mzee. Wanasomea kanisani.